Bakuli la Supu na Mvinyo wa Sitini na Moja

Mliniacha mtaroni, wasomaji wangu, na mtaro wenyewe ulikuwa umejaa maji. Gari limezama pembeni mwa mizabibu ya baba mkwe, mvua haina huruma na mtu, mimi nasukuma, na mchumba wangu Maylis ameshika usukani akicheka mpaka honi inalia.

Basi, gari lilitoka. Kilichobaki mwilini mwangu ni mafua.

Na si yale mafua ya kupiga chafya mbili ukasahau. Haya yalikuja na mizigo yake, yakahamia puani, yakafunga mlango kwa ndani. Jumapili asubuhi nilinusa kahawa, kimya. Nikanusa soksi zangu za jana, kimya. Nikajua nimekwisha.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni Ghislain Vandamme, mtu wa Lille, kaskazini kabisa, mtoto wa nyumba inayotengeneza bia. Nampenda Maylis Castéra, binti pekee wa Mzee Théodule Castéra, mwenye shamba la mizabibu la Tourtebise huku Médoc. Maylis amekubali kuolewa nami kwa sharti moja tu: haendi kwa meya kufunga ndoa bila baba yake kumshika mkono. Na baba yake naye ana sharti lake. Hamshiki mtu mkono mpaka mkwe mtarajiwa akae mezani, aonjeshwe mivinyo mitano iliyokomaa ya nyumba hiyo bila kuona chupa, aipange yote kwa umri.

"Baba yangu alimwonjesha mume wa dada yangu," Mzee aliniambia siku ya kwanza. "Kabla yake alikuja daktari wa meno, akashindwa, akaenda zake Toulouse na meno yake. Wewe mtu wa bia una nini hata usamehewe?"

Kuonjeshwa ni leo, harusi Jumamosi. Kadi zimeshatumwa. Mama yangu ameshanunua kofia.

"Nusa hii," Maylis aliniambia, akinisogezea kichupa puani. "Unasikia nini?"

"Nasikia... ubaridi."

"Ghislain, hiyo ni siki!"

Alikaa kitandani, akajishika kichwa. Majira yote ya baridi alikuwa ananifundisha, akiniwekea mezani mdalasini, tumbaku, plamu zilizokaushwa, majani makavu, ngozi ya kiatu, mpaka nikawa nanusa vitu hata dukani watu wakanitazama. Kazi yote hiyo imezamishwa na mtaro mmoja.

"Usilie," nikamwambia.

"Silii, nafikiri. Sikiliza. Tumia macho. Mvinyo mchanga ukingo wake ni wa zambarau, mzee unageuka rangi ya tofali. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, tazama ukingo, panga. Basi."

Nikashusha pumzi. Kwa mdomo, bila shaka.

Tukashuka ngazi tukiwa tumeshikana mikono, na mlangoni mwa ukumbi mikono yetu ikaachiana yenyewe. Moto ulikuwa unawaka, kitambaa cheupe kimepigwa pasi, na juu yake zimepangwa glasi. Nyeusi. Nyeusi tititi, ukitia maziwa ndani huwezi kujua.

"Umeziona?" Mzee Théodule alisema akisugua viganja. "Nimeziagiza kwa ajili yako. Nasikia watu wa Kaskazini mna macho makali."

"Baba, huo ni uonevu!" Maylis akaruka.

"Uonevu? Mvinyo unanyweka kwa macho? Na wewe nenda kamchukue Padri Estèbe kabla hajapata wa kumwalika kwingine. Ukirudi, moja kwa moja jikoni. Kwenye mazoezi ulikuwa unakohoa kila anapogusa wa mwaka tisini."

"Nilikuwa na kikohozi!"

"Utakoholea jikoni."

Maylis akaondoka na gari. Mimi nikabaki nimesimama kama mwavuli uliosahauliwa. Halafu nikasikia sauti kutoka jikoni.

"Wewe! Mjukuu! Njoo huku."

Ni Bibi Honorine, mama yake Mzee Théodule. Anakaribia miaka tisini, na miwani yake siku zote inaning'inia kifuani, haipandi machoni.

"Una sura ya mtu aliyeogeshwa mtaroni."

"Ndivyo ilivyokuwa, Bibi."

"Kaa. Mafua hayashindani na supu yangu."

Ilikuwa supu ya kabichi, maharage meupe na nyama ya bata, nzito mpaka kijiko kinasimama. Nikala. Sikusikia ladha hata kidogo, moto tu. Nilipokaribia kumaliza, akanipiga kofi mkononi.

"Usimalize! Acha kidogo chini. Huko kwenu hamfanyi chabrot?"

"Bibi, huko kwetu tukimaliza supu tunalala."

"Ndiyo maana mnaumwa kila siku."

Akanyoosha mkono nyuma yake, bila kugeuka, kama alivyonyoosha maisha yake yote, akashika jagi la kioo lililokuwa juu ya kabati. Akamimina mvinyo kwenye masalio ya supu yangu, ukachemka na mafuta ya bata, mvuke ukapanda.

"Zungusha. Nyanyua bakuli kwa mikono miwili. Kunywa, usipumzike."

Nikanywa. Ukashuka na moto wake mpaka vidole vya miguu.

"Nipe bakuli."

Akapakua tena, tukala, akamimina tena. Akajimiminia na yeye.

"Siumwi," alisema, "lakini sipendi kumwona mgeni anakunywa peke yake. Si adabu."

Basi tukawa hapo, Bibi na mimi, tunazungusha, tunanyanyua, tunakunywa, yeye ananisimulia jinsi marehemu mumewe alivyomposa akiwa amelowa kuliko mimi. Nilianza kujisikia vizuri. Nilianza kujisikia vizuri sana. Kila bakuli lilipopungua, jagi lilikuja lenyewe.

Mara kitu kikalia ndani ya paji la uso wangu, pa! Pua ikafunguka.

Jamani! Mnajua furaha ya pua kufunguka? Nilisikia kuni, nikasikia sabuni, nikasikia paka. Halafu nikainamia bakuli langu, ambalo chini lilikuwa na mnyweo mmoja, nikanusa.

Niliinuka kitini. Ulikuwa na harufu ya kabati la mierezi, ya tumbaku nzuri iliyokaa mfukoni mwa koti la zamani, ya plamu, ya msitu baada ya mvua. Kila nikidhani imekwisha, inaanza tena. Nikanywa ule mnyweo, nikakaa chini polepole.

"Bibi," nikasema, "mvinyo wenu wa mezani ni mzuri hivi?"

"Wa mezani? Ule unakwaruza koo mpaka unatokwa machozi."

"Basi nusa huu."

Bibi Honorine akanusa bakuli lake. Akanitazama. Akapandisha miwani machoni, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu niijue nyumba hii, akalivuta jagi karibu. Shingoni mwake lilikuwa na utepe mwekundu.

"Yesu na Maria," alisema kwa sauti ndogo. "Tumekunywa mwaka wa Théo."

Nikalisukuma bakuli mbali nami, polepole.

Kila mtu pale nyumbani anaujua mwaka wa Théo. Ni mvinyo wa sitini na moja, mwaka aliozaliwa Mzee Théodule. Baba yake aliweka sanduku zima kwa ajili yake, halafu akalinywa yeye na marafiki zake, ubatizo huu, mavuno yale, mpaka ikabaki chupa moja. Siku anakufa alimwita mwanawe akamwambia, hii usiiguse mpaka siku ya kumpokea mume wa binti yako. Si siku ya harusi, maana harusini binamu wataibugia kama maji, bali siku ya kumwonjesha. Mzee Théodule ameilinda chupa ile maisha yake yote. Hajawahi kuonja hata tone.

"Ilifuata nini hapa jikoni?" nikanong'ona.

"Ukumbini kuna moto. Théo ameumimina kwenye jagi, akauleta huku upate ubaridi, na jagi langu la mvinyo wa mezani akaliteremsha rafu ya chini." Bibi aliinamisha jagi. Chini kulikuwa na kiasi cha kulowesha kidole. "Ataniua. Nilimzaa mwenyewe, lakini likija suala la mvinyo, huyu si mtu wangu."

"Mama!" Sauti ya Mzee Théodule ilitoka koridoni. "Usiguse jagi lililo juu ya kabati!"

"Jagi gani?" Bibi akajibu kwa sauti ya malaika, na wakati huohuo, kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu wa umri wake, alikuwa ameshaingia stoo, amefungua boksi la mvinyo wa kupikia sungura, na jagi linajaa, shwaaa.

"Bibi, hapana!"

"Nyamaza. Una njia nyingine?"

Sikuwa nayo. Nilitaka kuoa, jamani. Mzee Théodule akaingia, akalichukua jagi kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga kanisani.

"Umepata rangi usoni," akaniambia.

"Ni supu, Mzee."

Tukakaa mezani. Upande wa pili alikuwepo Bwana Larrieu, dalali wa mvinyo, mwenye skafu ya hariri, mtu anayetafuna mvinyo kabla hajameza. Pembeni yake Padri Estèbe, aliyesogeza mbali naye ndoo ya kutemea mvinyo ulioonjwa.

"Mimi sitemi," alisema. "Ni suala la imani."

Bibi Honorine aliketi karibu na moto, maana bila mkubwa wa nyumba kuonjesha hakufai. Maylis, kama alivyoamriwa, alifungiwa jikoni. Alinibusu haraka mlangoni, mikono yake imepoa kwa woga.

"Pua?" akanong'ona.

"Imefunguka."

Akataka kupiga kelele, akajiziba mdomo, mlango ukafungwa. Sikupata nafasi ya kumwambia kingine.

Glasi ya kwanza. Nikainusa, nikaona raha mpaka aibu. Ukakasi mwingi, ulimi umekauka kama nimelamba mfuko wa chai, tunda limejificha nyuma.

"Huu si mchanga," nikasema. "Huu ulizaliwa na hasira na haijaisha. Sabini na tano."

Bwana Larrieu akainua nyusi. Mzee Théodule akanisogezea ya pili.

Wa pili ulikuwa na matunda meusi bado, umesimama wima kama askari. "Tisini na sita. Huyu ndiye kitindamimba."

Wa tatu na wa nne ndio mtego, maana mivinyo ya miaka ile miwili yote ni tajiri, tisini na themanini na mbili. Nilirudi huku, nikarudi huku. Nikakumbuka Maylis aliniambia nisitafute ulio mzuri, nitafute ulio na haraka.

"Wa tatu anakukumbatia mlangoni kabla hujavua koti," nikasema. "Wa nne anakuacha uingie, ukae, ndipo anaanza kuongea. Wa tatu ni wa tisini. Wa nne ni wa themanini na mbili."

Padri akamtazama Larrieu, Larrieu akatazama dari.

"Endelea, Ghislain," Mzee Théodule alisema.

Ghislain! Tangu tufahamiane sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, halafu nikakumbuka kilichomo kwenye glasi ya tano.

Nikainusa. Jamu na plastiki.

"Uliobaki ndio wa sitini na moja," nikasema, na sauti yangu ikaenda chini ya meza.

Wote wakanyanyua zao. Bwana Larrieu akatafuna. Akatafuna sana.

"Umejifunga kidogo, hautoi harufu," akasema hatimaye.

"Umejifunga, ndiyo," Padri akadakia. "Lakini kwa heshima."

"Upewe muda."

"Mimi nasikia uyoga. Kwa mbali."

"Kwa mbali sana, Padri."

Maana nani angethubutu? Ukiambiwa huu ni wa sitini na moja, utasema unanuka boksi? Mtu wa huku ni afadhali aiseme vibaya pua yake kuliko mwaka ule.

Mzee Théodule yeye hakuwasikiliza. Alionja. Akaweka glasi chini, akaichukua, akaonja tena. Niliona uso wake unavyoshuka, pole pole, mpaka hakikubaki kitu cha kushuka.

"Umekufa," alisema.

"Théodule, tusubiri..."

"Umekufa, Larrieu. Usinibembeleze." Aliikunja leso ya mezani, akaikunjua, akajifuta macho nayo bila kujificha. "Kila mwaka nilishuka kuitazama chupa nikasema bado. Ningeweza kuifungua na mama yake Maylis akiwa hai. Aliniomba. Nikamwambia bado. Ubahili wangu ndio umeuua."

Kuni zilianguka motoni.

"Ghislain, umeshinda," akaendelea. "Umepanga sawasawa, hata Larrieu hakutarajia. Jumamosi nitamshika mkono Maylis. Naona aibu tu kwamba siku ya kukupokea nimekupa maiti."

Mmeona? Nilikuwa nimeshinda. Harusi ipo, kofia ya mama yangu itavaliwa. Nilichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Bibi Honorine kule motoni alikuwa ananikazia macho, akiniambia bila sauti: funga.

Lakini lile dude la mtu, lile lililonitukana majira yote ya baridi, lilikuwa linalia mbele yangu kwa kosa ambalo halikulifanya. Nilimhurumia.

"Mzee," nikasema. "Haujafa."

"Asante, mwanangu. Lakini nina ulimi."

"Ulikuwa mzima. Mzima kabisa. Nimeunywa mimi. Kwenye supu."

Padri Estèbe aliweka glasi yake mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Nimemmiminia mimi, Théo," Bibi akasema haraka. "Miwani sikuvaa. Huo mlio nao ni wa boksi, wa kupikia sungura."

Bwana Larrieu akaivuta ndoo, akatema, na safari hii alitema kwa moyo wote.

"Kwa mbali sana," Padri akajisemea.

Mzee Théodule akasimama. Ni mtu mkubwa yule, nilikuwa nimesahau. Akaizunguka meza akaja mpaka tumbo lake likanigusa, nami nikapima dirisha kwa jicho la pembeni.

"Ulikuwa mzima?" akauliza.

"Mzima, Baba."

"Ulikuwaje?"

"Mierezi," nikasema. "Tumbaku iliyokaa kwenye koti la mtu unayempenda. Plamu. Msitu baada ya mvua. Na nilipoumeza haukuondoka, Baba. Mpaka sasa naongea na wewe upo."

Alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inarudia maneno yangu, moja baada ya jingine.

"Na nini tena?"

"Na kabichi."

Akafumbua macho. Nikajua sasa napigwa. Badala yake akanishika mabega kwa nguvu.

"Glasi tupu ya mvinyo mzee hunukia mpaka kesho yake," alisema. "Bakuli! Bakuli ulilonywea, umeliosha?"

"Sijaliosha. Liko kwenye meza ya jikoni. Chini litakuwa na tone."

"Na Jumamosi?" Bibi akauliza kutoka motoni.

"Jumamosi itategemea bakuli, Mama!"

Tukakimbia. Mzee mbele, mimi nyuma yake, dalali na skafu yake, Padri na glasi ya themanini na mbili ambayo hakutaka kuiacha nyuma. Bibi alifuata akituita wapumbavu. Koridoni ndipo nilipokumbuka Maylis wangu ana tabia gani akiwa na woga.

Mzee Théodule akausukuma mlango wa jikoni.

Maylis alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono ya gauni imekunjwa, aproni ya bibi yake kiunoni. Sufuria zinang'aa. Sahani zinang'aa. Jikoni sijawahi kuiona safi namna ile.

"Nilishindwa kukaa bure," alisema akitabasamu, "nikaona niwasaidie. Limebaki hili moja tu."

Mkono wa kushoto alikuwa ameshika bakuli langu. Wa kulia ulikuwa umekamata bomba.

"Maylis," baba yake akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na farasi mwoga. "Mwanangu. Usisogeze mkono."

"Kwani kuna nini, Baba?" akauliza, akageuka kumtazama, na mkono ulioshika bomba ukageuka naye.